Mwongozo kamili wa kutafiti soko la mazao: viazi mviringo kutoka Njombe hadi Dar es Salaam

Tafiti nyingi za masoko ya mazao nchini Tanzania huishia kwenye kauli moja, kwamba dalali anamnyonya mkulima, na mara nyingi kauli hiyo huwa imeshafikiwa kabla mtafiti hajatoka ofisini. Huenda ni kweli mahali fulani na si kweli mahali pengine, lakini haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa ikiwa hatujui gunia lililouzwa lilikuwa na uzito gani, bei iliyotajwa ilikuwa ya wapi na ya siku gani, na nani alilipa gharama zipi njiani. Mwongozo huu unafuata zao moja, viazi mviringo vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mashamba ya Njombe, Wanging'ombe na Makete hadi masoko ya jumla ya Dar es Salaam kama Ilala, Mabibo na Temeke. Nimechagua viazi kwa sababu zao hili huharibika, husafiri mbali na hufungashwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hivyo matatizo yote makubwa ya utafiti wa soko hukutana humo. Anayetafiti vitunguu, nyanya au mahindi atakuta hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: kupata swali linalojibika

Swali kama "changamoto za soko la viazi ni zipi?" halina jibu, lina orodha tu, na orodha hiyo kila mkulima anaweza kuitaja kwa dakika tano: bei ndogo, barabara mbovu, pembejeo ghali, madalali. Swali la utafiti linapaswa kuwa na kitu cha kupima na kitu cha kulinganisha nacho. Kwa mfano: katika kila shilingi anayolipa mnunuzi wa jumla Dar es Salaam, mkulima wa Njombe hupata senti ngapi, na sehemu hiyo hubadilikaje kati ya miezi ya mavuno mengi na miezi ya uhaba? Au: je, mkulima anayeuza kwa kilo hupata bei nzuri kuliko jirani yake anayeuza kwa lumbesa, baada ya kuzingatia aina ya kiazi na umbali wa shamba kutoka barabara ya lami?

Ukishaandika swali, andika chini yake takwimu utakazohitaji ili kulijibu, moja baada ya nyingine. Takwimu isiyohusika na swali isiingie kwenye dodoso, hata kama inavutia. Dodoso la kurasa ishirini humchosha mkulima aliyeacha jembe ili akusikilize, na majibu ya nusu ya mwisho huwa ya kubahatisha.

Hatua ya pili: kuchora njia ya zao

Kabla ya kuandika dodoso, fuata gunia. Kaa siku chache kijijini wakati wa kuvuna, ongea na wachimbaji, wafungashaji, mwenye pikipiki anayetoa mzigo shambani, dalali wa kijiji, dereva wa lori la Fuso, na mwishowe shuka nao hadi sokoni. Uliza kila mmoja maswali matatu tu: mzigo umeupokea kutoka kwa nani, unamkabidhi nani, na malipo yako hutolewa na nani. Kutokana na majibu hayo utachora mchoro wenye mishale, na mara nyingi mchoro huo hauwi kama ulivyodhani.

Hapa ndipo mtafiti anapogundua kwamba neno "dalali" linabeba watu wa aina kadhaa. Yupo wa kijijini, anayemtafutia mfanyabiashara mashamba yaliyo tayari na kulipwa kwa gunia bila kumiliki kiazi hata kimoja. Yupo wa sokoni Dar es Salaam, anayepokea mzigo na kuuza kwa niaba ya mwenye mali, akikata ujira wake. Na yupo anayenunua kwa fedha yake na kubeba hasara mzigo ukioza, ambaye kwa hakika ni mfanyabiashara. Ukiwajumlisha wote katika safu moja ya takwimu, faida utakayokokotoa haitakuwa ya mtu yeyote.

Angalia pia mikataba isiyoandikwa. Mfanyabiashara huweza kununua zao likiwa bado ardhini, au kumkopesha mkulima mbolea na kulipwa kwa magunia. Desturi za namna hii zipo katika mazao mengi, ikiwemo kangomba kwenye korosho za Kusini na butura kwenye kahawa ya Kagera. Bei inayotajwa katika mauzo ya aina hiyo imebeba riba ndani yake, kwa hiyo isilinganishwe moja kwa moja na bei ya fedha taslimu siku ya mavuno.

Hatua ya tatu: vibali na heshima ya mahali

Mtafiti wa chuo kikuu huanza na barua ya utambulisho ya chuo chake, na mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kutoka hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Sokoni nako kuna uongozi, na usipopita kwa mwenyekiti wa soko hakuna mfanyabiashara atakayekufungulia daftari lake. Tenga muda wa kutosha kwa hatua hii na usiilalamikie, kwa maana ofisi ya kijiji ndiyo itakayokupa orodha ya kaya utakayochagulia sampuli.

Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, suala la majina na namba za simu za wahojiwa si la maadili peke yake. Tenganisha faili la majina na faili la majibu, yaunganishwe kwa namba ya siri tu. Mweleze mfanyabiashara waziwazi kwamba hutoki Mamlaka ya Mapato na kwamba hakuna atakayeona mapato yake yakiwa na jina lake, kisha uitimize ahadi hiyo.

Hatua ya nne: sampuli

Katika tasnifu nyingi utakuta fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wote ikigawanywa kwa moja ukijumlisha na idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa linalokubalika. Kwa wakulima 1,200 na kosa la asilimia 5, jibu ni 300. Tatizo ni kwamba fomula hiyo hutumika kwa mazoea bila kuangalia masharti yake. Imeundwa kwa ajili ya kukadiria uwiano, na inachukulia kwamba kila mkulima amechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha moja. Wakulima 300 waliotoka vijiji vitatu hawana taarifa za watu 300, kwa sababu wa kijiji kimoja huuza kwa wanunuzi walewale, kwa barabara ileile na kwa bei inayokaribiana. Kama bajeti inaruhusu wahojiwa 300, ni afadhali vijiji kumi na tano vyenye wakulima ishirini kila kimoja kuliko vijiji vitatu vyenye mia mia.

Chagua vijiji kwa makundi: vilivyo kando ya lami, vilivyo mbali kidogo, na vile ambavyo lori hukwama masika. Ndani ya kijiji tumia orodha ya kaya, lakini ihakiki na mabalozi wa nyumba kumi au wenyeviti wa vitongoji, kwa kuwa waliohama hubaki kwenye orodha na wanawake wanaolima mashamba yao wenyewe huachwa.

Wafanyabiashara hawana orodha. Kwao, chagua siku na saa badala ya watu: panga zamu za sokoni kwa bahati nasibu, zikiwemo za usiku na alfajiri magari yanapoingia, kisha hoji kila gari la tatu au la nne. Mtafiti anayefika sokoni saa nne asubuhi huwakuta wauza rejareja, na wenye mzigo wameshaondoka.

Hatua ya tano: kupima gunia

Hii ndiyo hatua inayoamua utafiti wako utaaminika au la. Kanuni za vipimo zinazosimamiwa na Wakala wa Vipimo zinataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Shambani, hata hivyo, mfungashaji hujaza gunia hadi mdomoni, akaongeza kilele juu yake, akakizungushia nyasi na kukifuma kwa kamba hadi gunia linapata kichwa. Hilo ndilo lumbesa. Uzito wake hutegemea kijiji, mfungashaji, ukubwa wa viazi, unyevu, na hata nguvu ya mnunuzi msimu huo: viazi vikijaa, kilele huongezeka; vikiadimika, hupungua. Kwa maneno mengine, bei ya gunia inaweza kubaki ileile wakati bei ya kilo imeporomoka, na mtafiti asiyekuwa na mzani hataliona hilo kamwe.

Nunua au azima mzani wa kuning'iniza unaofika kilo 200. Uhakiki kila asubuhi kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Funga mzani kwenye mti imara au kwenye nguzo inayobebwa na watu wawili, na upime angalau magunia thelathini katika kila kijiji na kila mwezi wa mavuno, kutoka kwa wafungashaji tofauti. Andika uzito wa gunia zima, kisha ondoa gunia tupu, kamba na nyasi. Andika aina ya kiazi, kwa sababu Arka, Kikondo na CIP havipangiki sawa ndani ya gunia. Andika pia kama mvua ilinyesha siku ya kuchimba, maana udongo ulioganda hupimwa pamoja na viazi.

Rejareja nako kuna vipimo vyake: sado, ndoo na fungu. Nunua mwenyewe visado kumi kutoka kwa wauzaji kumi na uvipime nyumbani. Utaona kwamba sado zenye ujazo uleule hutofautiana uzito kulingana na jinsi muuzaji alivyopanga viazi na ukubwa wa viazi vyenyewe.

Eneo la shamba linadai uangalifu uleule. Wakulima wengi hutaja ekari kwa maana ya hatua 70 kwa 70. Hatua za mtu mzima zikiwa karibu na sentimita 90, eneo hilo linakaribia ekari halisi, yenye mita za mraba 4,047. Lakini pale ambapo 70 hizo ni mita zilizopimwa kwa kamba, eneo ni mita za mraba 4,900, yaani zaidi ya ekari kwa asilimia 21, na mavuno kwa ekari utakayokokotoa yatakuwa yametiwa chumvi kwa kiwango hichohicho. Zunguka shamba na simu yenye GPS, hata kama ni kwa sehemu tu ya sampuli, ili upate kipimo cha kusahihisha majibu ya mdomo.

Hatua ya sita: dodoso na mahojiano

Usiulize "uliuza viazi kwa bei gani?" Mkulima atakupa bei anayoikumbuka, ambayo kwa kawaida ni ile iliyomuuma au iliyomfurahisha. Uliza mauzo moja baada ya jingine: mwezi gani, magunia mangapi, yamefungwa vipi, yaliuzwa wapi (shambani, barabarani au sokoni), nani alilipia uchimbaji, nani alinunua gunia na kamba, malipo yalikuwa taslimu au baadaye. Mkulima aliyeuza magunia 40 kwa shilingi 45,000 wakati wa wingi na magunia 5 kwa shilingi 90,000 baadaye hakuwa na bei ya wastani ya 67,500. Wastani wake, ukizingatia idadi, ni shilingi 50,000.

Tenganisha msimu wa mvua na msimu wa vinyungu, yaani kilimo cha mabondeni wakati wa kiangazi, kwa sababu gharama, mavuno na bei hutofautiana sana. Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, lisitafsiriwe dakika za mwisho, na uwe na mwenyeji anayejua Kibena au Kikinga kwa ajili ya wazee. Programu za kujazia dodoso kwenye simu, kama KoboToolbox au ODK, husaidia kuzuia makosa papo hapo, mathalani kwa kukataa bei isiyo na kipimo. Lijaribu dodoso kwenye kijiji kisichomo katika sampuli, kisha ulirekebishe bila huruma.

Kuhusu mwenendo wa mahojiano, nina moja tu la kusema: salamu zisifanywe kwa haraka. Mzee aliyeamkiwa vizuri na kuelezwa kwa utulivu kinachotafutwa atakwenda mwenyewe kuchukua daftari lake la mauzo.

Hatua ya saba: mfululizo wa bei

Dodoso hutoa picha ya msimu mmoja. Ili kuona jinsi bei za Dar es Salaam zinavyofika Njombe, unahitaji bei za kila wiki kwa miaka kadhaa. Wizara yenye dhamana ya biashara hukusanya bei za jumla za mazao makuu ya chakula, viazi mviringo vikiwemo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na huzitoa kwa kilo 100. Kabla ya kuzitumia, muulize afisa biashara wa soko husika anaigeuzaje bei ya lumbesa kuwa ya kilo 100, kwa maana kosa la ugeuzaji likiingia hapo litasafiri hadi kwenye jedwali lako la mwisho.

Usikimbilie kupima uhusiano wa bei hizo mbili zikiwa ghafi. Bei zote hupanda pamoja na mfumuko wa bei, na zote huyumba kwa majira, hivyo zitaonekana kufuatana hata kama masoko hayajuani. Ondoa kwanza mfumuko kwa kutumia fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha chunguza mabadiliko badala ya viwango. Swali lenye thamani hapa ni la mwendo: bei ya Dar ikipanda, huchukua wiki ngapi kufika shambani, na ikishuka, je, hufika kwa kasi ileile?

Hatua ya nane: hesabu

Tuchukue mfano, tarakimu zake zikiwa za kuonyesha njia tu. Mkulima ameuza lumbesa kwa shilingi 70,000, na viazi vikauzwa jumla Dar es Salaam kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mtafiti anayedhani gunia ni kilo 100 ataandika kwamba mkulima amepata shilingi 700 kwa kilo, sawa na asilimia 70 ya bei ya jumla, na atahitimisha kwamba soko ni zuri. Mzani ukionyesha kilo 130, mkulima amepata shilingi 538 kwa kilo, na mgawo wake umeshuka hadi asilimia 54. Lakini hapo bado hatujafika. Kama asilimia 6 ya mzigo imeoza, imechubuka au imepungua maji njiani, zilizouzwa ni kilo 122.2, zenye thamani ya shilingi 122,200. Mgawo wa mkulima katika fedha iliyopatikana kweli ni asilimia 57. Ripoti inapaswa kusema ni upi kati ya migawo hii inaotumia, na kwa nini.

Sasa upande wa mfanyabiashara. Kwa gunia hilohilo, tuseme amelipa usafiri 18,000, kutoa mzigo shambani 4,000, gunia na kamba 2,500, kupakia na kushusha 3,000, ujira wa dalali 5,000, ushuru wa soko 1,000 na ushuru wa mazao 1,400. Jumla ni 34,900. Ukitoa hiyo na bei ya ununuzi kutoka kwenye 122,200, kinabaki shilingi 17,300. Tofauti ya bei kwa gunia zima ilionekana kuwa 60,000, lakini faida haifiki theluthi moja ya hiyo. Kuchanganya tofauti ya bei na faida ndilo kosa linalozaa kauli nyingi kali dhidi ya wafanyabiashara. Kwa upande mwingine, 17,300 kwa mtaji wa 104,900 ni asilimia 16 na ushee kwa safari moja, na kama safari huchukua wiki moja, huo si mrejesho mdogo. Kwa hiyo hesabu siku za mzunguko, na hesabu pia safari zilizoleta hasara, kwa sababu mfanyabiashara unayemkuta sokoni ndiye aliyesalimika.

Ushuru wa mazao uhakikiwe kwa stakabadhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani 1 unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine haupaswi kutozwa. Kinacholipwa getini na kilichoandikwa kwenye sheria virekodiwe katika safu mbili tofauti.

Kwa mkulima, kokotoa faida mara mbili: bila kuhesabu nguvukazi ya familia, kisha ukiihesabu kwa ujira wa kibarua wa kijijini msimu huo. Mbegu alizohifadhi mwenyewe zitozwe kwa bei ambayo angeziuza siku ya kupanda.

Hatua ya tisa: kutafuta sababu

Ukigundua kwamba wanaouza kwa kilo hupata bei nzuri zaidi, usiandike haraka kwamba mzani umeongeza bei. Huenda wanaouza kwa kilo ndio wenye pikipiki, simu za wanunuzi wengi na mashamba kando ya lami, na wangepata bei nzuri hata kwa lumbesa. Linganisha wakulima wanaofanana kwa umbali, aina ya kiazi, mwezi wa kuuza na ukubwa wa shamba. Kama utatumia modeli ya Heckman, yaani mbinu ya takwimu ya kurekebisha tofauti za watu waliojichagua wenyewe kuingia kundi fulani, eleza kwa maneno ya kawaida ni kitu gani kinachomfanya mtu auze kwa kilo bila chenyewe kugusa bei. Usipoweza kukitaja, sema umeona uhusiano, na uishie hapo.

Hatua ya kumi: kurejesha matokeo

Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji na upeleke ukurasa mmoja: uzito wa wastani wa gunia la kijiji hicho, bei ya kilo kwa kila mwezi, na gharama za njiani kipengele kwa kipengele. Wakulima watakosoa baadhi ya tarakimu, na ukosoaji huo uuandike, kwa kuwa ndio uhakiki wa mwisho wa takwimu zako kabla ripoti haijapigwa chapa. Nakala ya halmashauri iwe na jedwali la uzito kwa kijiji, mwezi na aina ya kiazi, likiambatana na faili la takwimu lisilo na majina, ili mtafiti wa msimu ujao aweze kupima magunia yaleyale na kuonyesha kama kilele cha lumbesa kimepungua au kimeongezeka.